Fintan Alitembea Mpaka Darajani

Kila asubuhi nyumbani kwetu Boyle, mji mdogo wa Ireland, huanza na makomeo matatu. La juu hulifungua mama, kwa sababu mimi silifikii bila kupanda kiti. La kati na la chini ni kazi yangu, kufungua na kufunga. Mlango ukishafunguliwa, mmoja wetu husimama kizingitini mpaka mwenzake awe amemshika Fintan mkono, ndipo tunapotoka kwenda shule. Watu wengine hufunga milango ili wezi wasiingie. Sisi hufunga ili mdogo wangu asitoke. Kutoka mlangoni kwetu hadi mtoni ni hatua mia mbili na kumi, nimezihesabu mwenyewe, na Fintan anapenda maji kuliko anavyonipenda mimi.

Fintan ana miaka saba. Ana usonji, na hasemi. Akifurahi hutoa sauti moja puani, akiogopa hutoa nyingine, na sisi wa nyumbani tunazijua zote mbili. Tosti yake hukatwa vipande vinne juu ya sahani ya bluu. Ikikatwa vitatu, siku hiyo imeharibika, na kuitengeneza tena ni kazi ya saa nzima.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la mwisho la shule ya msingi, na nilijiona najua kila kitu. Nyumbani tulikuwa wanne. Baba alikuwa Leeds, Uingereza, kwenye kazi za ujenzi, na simu zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Mama yangu, Attracta Tuohy, alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, lakini shule ya Fintan ilipoanza kumrudisha nyumbani saa sita mchana kila siku, aliacha kazi. Wa nne alikuwa Bibi Delia, mama mzazi wa mama, mwenye miaka themanini na mmoja, nyonga mbovu lakini ulimi mzima kabisa.

Mama ana ugonjwa ambao karibu mji wetu wote unao: haombi kitu, wala halalamiki. Ukimkuta dukani, nywele hazijaguswa na kitana siku tatu na mkono una alama za meno ya Fintan, ukamwuliza hali, atakujibu, "Nzuri tu, hatuna neno." Kisha atakuuliza habari za mbwa wako.

Serikali ina posho kwa wazazi wa watoto wanaohitaji matunzo makubwa kuliko wenzao wa umri wao. Mama alijaza fomu yake mezani na Bibi Delia, mama akisema na Bibi akiandika. Kila kisanduku walikijibu namna moja: ni mtoto mzuri, hana usumbufu, tunamudu, ashukuriwe Mungu. Wiki kadhaa baadaye ikaja barua ya ukurasa mmoja. Kwa maelezo mliyotupa, ilisema, mtoto huyu hahitaji matunzo ya ziada.

Nesi Imelda, ambaye hutembelea nyumba zenye watoto wagonjwa, alikuja Jumatatu iliyofuata. Aliomba kuiona nakala ya fomu, akaisoma amesimama, kisha akakaa chini.

"Attracta," alisema, "hii fomu ni ya Fintan au ya mtakatifu?"

"Sasa ulitaka nimseme vibaya mwanangu kwa watu nisiowajua?"

"Kusema ilivyo si kumsema vibaya. Hebu niambie, mara ya mwisho umelala usiku kucha ni lini?"

"Huu mwaka gani?" mama akauliza.

Nesi Imelda hakucheka. Alituambia tunaweza kukata rufaa, na kwamba mtu wa rufaa angetusikiliza ana kwa ana. Lakini alitaka tuandike daftari la siku kumi na nne. Kila siku, kila kitu: alivyoamka, alivyokula, alichovunja, nani aliumia, nani hakulala. "Msipunguze, msiongeze," alisema. "Yule bwana hajawahi kulala humu ndani. Macho yake ni hilo daftari."

"Mimi na kalamu hatujawahi kupatana," mama alisema. Ni kweli. Tangu utoto, herufi humrukaruka machoni. Anaweza kusoma bei na majina ya vituo, lakini ukurasa mzima humshinda, na hiyo ilikuwa siri ya nyumba yetu. "Dervla ataandika. Huyu ndiye karani wangu. Ana mwandiko kama wa kasisi."

Nilivimba kichwa kwa kusifiwa.

"Na wakikataa tena?" Nesi aliuliza.

Mama alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Nyumba ya wazee wamenishikia zamu ya jioni mpaka mwisho wa Juni. Wakikataa, nitarudi kazini."

"Fintan atabaki na nani?"

Sote tulimwangalia Bibi Delia, na Bibi Delia akaiangalia fimbo yake. Bibi huchukua dakika nzima kuinuka kitini. Fintan huchukua muda huohuo kufika mtoni. Hakuna aliyehitaji kulisema hilo.

Jioni ile nilikuwa namenya viazi na Bibi. Akasema bila kuniangalia, "Hata la Malachy lilianza na karatasi."

"Malachy ndiye nani, Bibi?"

"Mdogo wangu."

Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba Bibi alikuwa na mdogo wa kiume. Alinieleza huku kisu kikiendelea na kazi. Malachy alikuwa hasemi, kama Fintan. Alipenda kukaa chini ya bomba la mvua na ndoo, akisikiliza matone. Bibi alipokuwa na miaka kumi na mmoja, na Malachy tisa, wanaume wawili walikuja na gari jeusi. Walikuwa na karatasi. Walimpeleka kwenye hospitali kubwa ya vichaa, mbali, na hakurudi. "Alikufa huko akiwa na miaka thelathini na mbili," Bibi alisema. "Kaburi lake halina jina, lina namba." Akatupa kiazi ndani ya sufuria kwa nguvu hata maji yakaruka. "Haya, menya. Usinisikilize mimi mzee."

Lakini nilikuwa nimeshamsikiliza. Usiku ule nilifunua daftari jipya, nikashika kalamu. Siku ile Fintan alikuwa amerusha sahani ukutani na kumwuma mama mpaka damu, kwa sababu duka lilibadilisha mkate. Akilini nikamwona mtu wa serikali akiyasoma hayo, akitikisa kichwa, akiita gari jeusi. Basi nikaandika: *Leo Fintan alikula viazi na siagi. Alitabasamu mara tatu.* Kutabasamu kulikuwa kweli. Nilijiambia kwamba mtu akiandika sehemu nzuri tu hajasema uongo.

Mama aliingia akaliangalia daftari kwa mbali. "Umeandika yote?"

"Yote, mama."

"Mwandiko mzuri," alisema, akanibusu utosini.

Siku zikaenda hivyo. Fintan alipojipiga kichwa kwenye beseni, niliandika kwamba alioga. Alipokaa macho mpaka alfajiri akizunguka jikoni, mama nyuma yake akiyumba kwa usingizi, niliandika kwamba anapenda kuamka mapema. Niligundua kwamba ukishaandika uongo wa kwanza, wa pili hauhitaji hata kufikiri.

Siku ya tisa ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa nimetoka shule. Mama alikuwa bafuni na Bibi alikuwa amelala kitini. Mpeleka barua aligonga, nikapanda kiti, nikafungua, nikapokea kifurushi. Kilikuwa viatu vyangu vya mpira wa miguu, nilivyovisubiri tangu Pasaka. Niliurudisha mlango, nikakimbilia chumbani kuvijaribu. Makomeo sikuyagusa.

Kelele za mama ndizo zilizonitoa chumbani. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameshafika barabarani na taulo begani, miguu mitupu, akikimbia kama sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia. Nilimfuata na viatu vyangu vipya. Darajani tulimkuta Bwana Lavin wa gereji amemkumbatia Fintan kifuani, mikono yote imejaa grisi. Alikuwa amemkuta amepanda juu ya ukuta wa daraja, mguu mmoja huku, mguu mmoja upande wa maji, akitoa ile sauti yake ya furaha. Alimshika sweta na kumvuta, basi. Mto ulikuwa umejaa mvua za wiki nzima.

"Asante, Lavin," mama alisema. "Hatuna neno." Kisha akakaa chini katikati ya barabara, na magari yakasimama pande zote mbili. Hakuna aliyepiga honi.

Hakuniuliza nani aliacha mlango. Mpaka tunarudi ndani hakuniuliza, na mpaka leo najiambia kwamba angeuliza ningemwambia. Jioni nilifunua ukurasa wa tisa, nikakaa nao muda mrefu. Sasa nilikuwa na sababu mbili za kuficha, gari jeusi na komeo la kati. Niliandika: *Leo Fintan alitembea mpaka darajani, akaangalia maji. Alifurahi sana.*

Siku ya rufaa, shule yangu na ya Fintan zilikuwa zimefungwa kwa sababu watu walikuwa wanapiga kura madarasani. Bibi asingeweza kubaki naye peke yake, kwa hiyo tulikwenda watatu, mama akiendesha. Kikao kilikuwa katika chumba cha hoteli kwenye mji jirani wa Carrick, chumba ambacho jana yake watoto walikuwa wamesherehekea Komunio ya kwanza. Maputo meupe yalikuwa bado yamefungwa kwenye viti. Mama alikuwa amepiga pasi shati la Fintan mara mbili.

Afisa wa rufaa aliitwa Bwana Tarpey. Nilikuwa nimemtarajia mtu mwenye uso wa jiwe, lakini alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta lililofumwa kwa mkono, na alimpisha Fintan kiti chake mwenyewe kwa sababu Fintan alikitaka hicho. Mezani kulikuwa na jagi la maji na bilauri. Fintan alivua vifunika masikio vyake vya kuzuia kelele, akaviweka kando, akaanza kumimina maji kutoka bilauri moja hadi nyingine, tone halikumwagika. Kila mahali asipotakiwa kulia, Fintan hulia. Siku ile, ambayo kulia kungemsaidia, alikaa kama malaika wa kuchongwa.

"Mtoto mtulivu," Bwana Tarpey alisema.

"Maji humtuliza, bwana," mama alisema. Alikuwa amekunja ngumi magotini. Halafu akajikaza, akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliomba. "Mimi si msemaji, bwana. Lakini yote yamo kwenye daftari. Mambo ya darajani yamo. Ukisoma hilo utaelewa."

Bwana Tarpey alifungua daftari langu, tulilomtumia mapema kwa posta. Nilitamani hoteli ishike moto.

"Nimelisoma, Bi Tuohy, ndiyo maana nimeshangaa kidogo. Tusome pamoja." Akavaa miwani. "Jumatatu, alikula viazi na siagi, alitabasamu mara tatu. Alhamisi, alioga. Ijumaa, anapenda kuamka mapema. Na hilo la darajani, siku ya tisa." Akafuata mstari kwa kidole. "Leo Fintan alitembea mpaka darajani, akaangalia maji. Alifurahi sana." Akainua uso, na uso wake ulikuwa wa upole mtupu. "Ni jambo la kupongezwa, mama. Wapo watoto wengi wa umri wake ambao hawawezi kutembea peke yao mpaka darajani."

Mama aliangalia daftari, yale maandishi ambayo hakuweza kuyasoma, kisha akageuka akaniangalia mimi. Nimekwisha kumwona mama amechoka, nimemwona ameumwa, nimemwona amekaa katikati ya barabara. Ule uso sikuwa nimewahi kuuona, na ningelipa chochote nisiuone tena.

"Bi Tuohy? Ndivyo ilivyokuwa?"

Nilidhani atasema, huyu mtoto amedanganya. Alikuwa na haki. Maneno matatu tu na angejiokoa. Badala yake alinyoosha sketi yake magotini.

"Ndiyo, bwana," mama alisema. "Kama alivyoandika binti yangu, ndivyo ilivyokuwa."

Bwana Tarpey akaanza kufunga daftari.

"Si kweli!" nilisema, na sauti ikatoka kubwa hata puto moja likatikisika. "Mama hajui kilichoandikwa, mama hasomi! Mimi ndiye mwongo. Hakutembea. Alikimbia. Nililiacha komeo la kati kwa sababu ya viatu, na yale mengine mawili pia. Alikuwa amepanda juu ya ukuta, mguu mmoja upande wa mto!"

"Dervla," mama alisema.

"Na Jumatatu alimwuma mama mpaka damu. Mwonyeshe mkono, mama. Mwonyeshe!"

Mama hakutaka, lakini Bwana Tarpey alikuwa ameshauona. Akalisukuma daftari langu pembeni, akachukua karatasi nyeupe na kalamu yake mwenyewe.

"Anza siku ya kwanza," aliniambia. "Polepole, ili niandike. Na usiogope, hakuna anayemchukua mtu hapa."

Sijui alijuaje. Nilianza siku ya kwanza. Nikasema kuhusu sahani na mkate. Nikasema kwamba Fintan bado anavaa nepi, na kwamba huzivua na kupaka ukutani, na kwamba mama husafisha huku anaimba ili asiogope. Nikasema kuhusu kichwa na beseni. Nikasema mama hulala saa tatu, akilala, kitandani kwa Fintan, na kamba ya gauni lake imefungwa kwenye kifundo cha mguu wa Fintan ili akiondoka aamke. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na kila neno nilihisi namvua mdogo wangu nguo mbele ya mgeni.

Na Fintan alikuwepo. Hasemi, lakini hakuna daktari aliyewahi kutuambia kwamba hasikii. Nilipofika siku ya tano aliacha kumimina maji. Aliweka bilauri mezani, akachukua vifunika masikio vyake, akavivaa mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuvivaa mwenyewe hata siku moja. Ilikuwa lazima mama amvalishe. Kule nje ya mlango mashine ya kahawa ilikuwa inasaga. Sijui kama alikuwa anaikimbia sauti ya mashine au sauti yangu. Nimejiuliza mara nyingi na sitapata jibu.

Nililia, lakini sikuacha. Nilimaliza siku zote kumi na nne.

Ndani ya gari mama hakuwasha injini. Alikaa na mikono juu ya usukani, na Fintan nyuma yetu akigonga kioo kwa kidole.

"Ungeniambia," alisema hatimaye.

"Na wewe ulisema ndiyo! Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Nitamwambiaje mtu wa serikali kwamba mwanangu ni mwongo?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Nina watoto wawili, Dervla. Sikwenda kule kumtoa mmoja ili nimpate mwingine."

Hapo nililia zaidi kuliko nilivyolia ndani. Mama alinivuta kifuani, mkanda wa gari ukatukaba sote wawili, na tukabaki hivyo mpaka Fintan alipoanza kutoa sauti yake ya hofu, maana gari lililosimama humchanganya. Tukaondoka.

Barua ilikuja wiki ya tatu ya Juni. Niliisoma kwa sauti mezani, kila neno, kidole changu juu ya mstari ili mama afuate. Rufaa ilikuwa imekubaliwa. Chini yake walieleza sababu: mtoto huyu hawezi kuachwa peke yake hata kwa muda mfupi, hatambui hatari, anahitaji uangalizi wa mfululizo mchana na usiku, mkubwa kupita kiasi ukilinganisha na mtoto wa umri wake, na hali hii inatarajiwa kuendelea.

"Rudia hapo mwisho," mama alisema.

"Hali hii inatarajiwa kuendelea."

Mama alifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Nilidhani ni furaha, nikaanza kucheka, kisha nikaona mabega yake. "Niliomba wakubali," alisema ndani ya kitambaa, "na upande mwingine wa moyo ulikuwa unaomba wakatae. Wangekataa kwa haki, ingekuwa na maana kwamba mwanangu ni mzima." Fintan alikuwa chini ya meza akipanga vijiko. Alimgusa mama mguu kwa kijiko kimoja, mara moja, kisha akaendelea kupanga.

Zamu ya jioni mama aliirudisha siku ileile. Fundi alikuja kuweka komeo linalolia likifunguliwa, na Nesi Imelda akampata mama mmoja wa kukaa na Fintan siku za Jumamosi ili mama alale. Shida yetu kubwa iliisha, au iliisha kiasi ambacho shida ya namna ile huweza kuisha.

Ilibaki ya kwangu na Bibi. Jumapili baada ya misa aliniita chumbani kwake. Kitandani kulikuwa na picha ndogo iliyokunjika, mvulana ameshika ndoo.

"Malachy," nilisema.

"Malachy. Ulidanganya kwa sababu yake, sivyo?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Basi na mimi nilidanganya. Nilikupa nusu ya habari, ile isiyoniumiza." Alishusha pumzi. "Lile gari jeusi halikuja kwa sababu mtu alisema ukweli. Lilikuja kwa sababu sisi hatukusema. Mgeni akija, mama yetu alimfungia Malachy chumba cha nyuma, nami nilikaa mlangoni nikiimba ili wasimsikie. Miaka tisa. Jirani zetu hawakumjua. Mwalimu hakumjua. Baba alipofariki na mama akalemewa, hakukuwa na mtu hata mmoja wa kusema, huyu mtoto nampenda, nisaidieni niishi naye. Mtu aliyefichwa ni rahisi kuchukuliwa, Dervla. Hakuna anayemwulizia."

Jikoni, mama alikuwa anamwita Fintan ale tosti.

"Ulidhani unamlinda kwa kumpamba," Bibi aliendelea, "na mimi nikadhani hivyohivyo nilipojaza ile fomu. Lakini ukificha mzigo wa mtu unayempenda, unachofanya ni kumwacha aubebe peke yake. Mama yako aliubeba mpaka akakaa barabarani. Siku ulipofungua mdomo ndipo watu walipopata pa kushika. Kusema mwenzako hawezi hiki wala kile si kumvunjia heshima. Heshima inavunjika ukimwonea haya. Likariri hilo, na ukiwa mzee usimpe mjukuu wako nusu ya habari."

"Sawa, Bibi."

"Sasa leta kalamu. Wewe si karani?"

Aliigeuza ile picha, akanionyesha upande wake wa nyuma, uliokuwa mtupu kwa miaka sabini na zaidi. Alisema polepole, nami nikaandika kwa mwandiko wangu bora: *Malachy, mdogo wangu. Hakuweza kusema. Hakuweza kula peke yake. Alipenda matone ya mvua kwenye ndoo. Alihitaji msaada mwingi, na sisi tulimficha.*

Nilimuuliza kama ningeiondoa hiyo sentensi ya mwisho.

"Iache," Bibi Delia alisema. "Andika na jina langu chini yake."

Nikaandika. Tuliitundika picha jikoni, pembeni ya mlango, usawa wa komeo la kati, ambako kila anayeingia ataiona.